Rangi ya mistari ya barabarani iliyokauka kwenye bodi

Kaka, hiyo rangi ya njano iliyorukia gari lako ulipokanyaga mistari mibichi inatoka, ila usimruhusu kijana wa kuosha magari aiguse na thina. Thina haichagui: inalainisha rangi ya barabara na ya gari lako vilevile. Kama gari lilishapigwa rangi upya gereji ndiyo balaa zaidi, utashangaa kitambaa kimegeuka rangi ya bodi. Petroli na stilwaya navyo achana navyo.

Anza kwa kuosha vumbi na mchanga wote. Rangi ya barabarani huwa na chembe ndogo za kioo za kuakisi taa usiku, kwa hiyo ukisugua kavu unapiga msasa. Paka Vaseline nene kila palipo na tone, ile ile ya kujipaka mwilini, gari lilale kivulini. WD-40 (yale mafuta ya kupulizia ya kulegeza nati) inafaa pia, lakini huchuruzika, lazima urudierudie.

Asubuhi bonyeza tone kwa ukucha. Kingo zikianza kuinuka, kwangua polepole kwa kadi ya plastiki uliyoilaza, huku pakiwa na utelezi. Likigoma paka tena, usiongeze nguvu. Vivuli vya rangi vitakavyobaki humalizwa na polishi na kitambaa laini.

Ndani ya madigadi mimi ningeacha, nani anachungulia huko? Mwisho osha kwa shampuu ya gari, kisha pitisha waksi, maana ya zamani itakuwa imeshatoka hapo ulipokwangua.