Kuliongezea Nguvu Gari Dogo: Anza na Breki na Rejeta

Vijana wengi wanaofika gerejini kwangu hapa Tabora wakiwa na Starlet au Vitz huja na ombi moja: "Shikamoo fundi, tunataka tufunge tabo." Ninawaelewa vizuri, kwa sababu nami nilianza hivyo hivyo, na ilinigharimu injini nzima kutambua kwamba gari lenye nguvu halianzi kujengwa kwenye injini.

Hamu hiyo ina sababu ya kweli. Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kiasi kwamba injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake kwa kukosa hewa ya kutosha ndani ya silinda. Tabo huisukuma hewa hiyo kwa nguvu na kuufidia upungufu, na ndiyo maana mtu aliyeendesha gari lenye tabo kwenye lami ya kwenda Nzega hatulii tena.

Starlet yangu ya EP82 ilikuwa na injini ya kawaida ya 4E-FE yenye cc 1,331. Toyota walitengeneza pia Starlet GT Turbo yenye injini ya 4E-FTE, cc zile zile, lakini yenye nguvu za farasi 135. Nilipoziona cc zinalingana niliamini kwamba tofauti ni tabo peke yake, nikanunua tabo iliyotumika na kuifunga kwenye injini yangu bila kugusa pistoni. Kumbe wahandisi wa kiwanda walikuwa wamepunguza mgandamizo ndani ya silinda kwa makusudi, kwa sababu hewa iliyokwisha kushindiliwa na tabo ikibanwa tena kupita kiasi hupata joto kali, na mafuta huwaka kabla ya wakati wake huku pistoni ikigongwa kama kwa nyundo. Mchana mmoja wa Oktoba, nikirudi kutoka Nzega, sindano ya joto ilipanda na mvuke mweupe ukaanza kutoka kwenye eksosi. Nilipoifungua silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, nilikuta gasketi inayoziba chini yake imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, mahali pembamba kama ukucha. Nilipolaza rula ya chuma juu ya hedi, bati jembamba la kupimia lilipita chini yake katikati bila kukwama, maana yake hedi ilikuwa imepinda.

Tangu siku hiyo nimechunguza kwa makini jinsi viwanda vinavyofanya kazi hii. Mini Cooper ya mwaka 1961 ilipoongezewa nguvu kutoka farasi 34 za Mini ya kawaida hadi 55, ilipewa pia breki za diski mbele. Golf GTI, iliyoanza kama mradi wa wahandisi wachache wa Volkswagen waliofanya kazi kimyakimya kabla ya gari kuonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1975, haikupata farasi 110 peke yake, bali ilishushwa, ikatiwa springi ngumu zaidi na diski za mbele zenye matundu ya kupitisha hewa. Nguvu na uwezo wa kusimama vilikwenda pamoja, na hapo ndipo mafundi wengi wa mitaani tunapokosea.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni breki. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hubeba nishati inayozidi kwa zaidi ya nusu ile ya kilomita 80, na nishati hiyo yote hugeuka joto kwenye diski na pedi. Tafuta kiwanja cha mtu aliyekuruhusu, mbali na barabara za watu, weka alama ya chokaa, kanyaga breki ukiwa kwenye kilomita 60, kisha pima kwa futi kamba mahali gari liliposimama. Rudia mara 6 bila kupumzika. Ikiwa umbali unazidi kuongezeka au pedali inalainika, gari hilo halistahili hata farasi mmoja wa ziada.

Baada ya breki, shughulikia joto na vumbi. Rejeta ipimwe na isafishwe, feni ifanye kazi kikamilifu, na hewa iingie kupitia boksi la filta lililofungwa. Wengi hupenda filta ya wazi kwa ajili ya mlio wake, lakini niliwahi kuingiza kidole kwenye bomba la gari la namna hiyo lililotumika njia za vumbi, kikatoka na unga mwekundu laini kama wa muhogo. Unga huo ulikuwa unasaga silinda.

Kuhusu uzito, punguza unachoweza bila kugusa nondo za kinga zilizo ndani ya milango wala mikanda ya usalama. Toyota GR Yaris ya mwaka 2020 ilitiwa paa la nyuzi za kaboni na milango ya alumini, lakini bodi yake iliimarishwa na haikudhoofishwa. Usilishushe gari sana pia, kwa maana makalavati yetu hayasamehe. Rangi maalumu na stika zitakuja mwisho.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni daftari. Badilisha kitu kimoja, pima, andika tarehe, joto na matokeo, ndipo uende kwenye kingine; ukibadilisha vitatu kwa siku moja hutajua kipi kimeleta nafuu na kipi kimeleta madhara. Na kila kifaa cha asili unachokitoa, kipake oili, kifunge kwenye gazeti, ukiandikie jina na ukihifadhi kwenye sanduku. Hedi yangu ya pili ilitoka kwenye gari la kijana aliyeuza vifaa vyake vya asili, na mwaka uliofuata alivihitaji akavikosa.