Nianze na kilo ngapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwezi wa pili tangu nianze mazoezi ya kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Wenzangu wameniongezea uzito hadi kilo 80, na sasa kila nikiamka kiuno kinauma. Je, nivumilie hadi mwili uzoee? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Usivumilie, pumzika kwanza, na maumivu yakishuka mguuni au yakiambatana na ganzi, nenda hospitali bila kuchelewa.

Ukipona, rudi kwenye chuma kitupu kisicho na vyuma vya pembeni, ambacho kwa kipimo cha mashindano ya wanaume kina kilo 20. Kiweke juu ya matofali, kiwe kama sentimita 22 kutoka chini, yaani kimo kile kile ambacho kingekuwa nacho kikiwa na vyuma vikubwa vya pembeni. Simama kikiwa juu ya katikati ya unyayo, karibu kugusa muundi. Sukuma makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango huku mikono imebeba ndoo, kisha vuta pumzi, kaza tumbo na uisukume ardhi kwa miguu, mgongo ukiwa umenyooka muda wote. Kosa ninaloliona mara nyingi ni makalio kutangulia kupanda huku mabega yakibaki chini, na hapo mzigo huelemea kiuno.

Mwombe mwenzako akupige video kutoka ubavuni. Ukirudia mara 5 kwa seti 3, yaani mizunguko mitatu yenye mapumziko katikati, bila mkao kuharibika, ongeza kilo 5, si zaidi, hata wenzako wakicheka.