Wasomaji Wanauliza: Italia, Lugha Yake na Desturi Zake

Barua tulizopokea safari hii zimetoka kwa wanafunzi, wapishi wa nyumbani na watu wanaojiandaa kuishi Italia. Baadhi ya maswali yalifanana, kwa hiyo tumeyajibu kwa pamoja.

Ndugu Mhariri, vitabu vinasema Italia ilizaliwa mwaka 1861, lakini Roma ilikuwa dola kubwa tangu enzi za kale. Nishike lipi?

Shika yote mawili, ila uyatenganishe. Roma ni mji wa kale, ilhali Italia kama dola ni changa. Ufalme wa Italia ulitangazwa tarehe 17 Machi 1861 chini ya Vittorio Emanuele II, na makao makuu yake yalikuwa Torino. Mwaka 1865 yalihamishiwa Firenze. Wakati huo Roma ilikuwa bado chini ya Papa. Majeshi ya Italia yaliingia humo tarehe 20 Septemba 1870, na mwaka 1871 ndipo ukawa mji mkuu. Venezia na eneo lake vilijiunga mwaka 1866, Trento na Trieste baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ufalme wenyewe uliondolewa kwa kura ya maoni ya tarehe 2 Juni 1946, na Katiba ya jamhuri ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1948.

Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, kila eneo lilikuwa na mtawala wake, sarafu yake, vipimo vyake na namna yake ya kusema. Leo kuna mikoa 20, na mitano kati yake (Sicilia, Sardegna, Valle d'Aosta, Trentino-Alto Adige na Friuli-Venezia Giulia) ina mamlaka ya pekee. Ndiyo maana mtu akiuliza Waitalia hula nini au husemaje, sisi humuuliza kwanza: wa mkoa gani?

Je, Waitalia wote huongea Kiitaliano kilekile?

Shuleni na kwenye habari, ndiyo. Nyumbani inategemea. Kiitaliano cha leo kimejengwa juu ya lugha ya Firenze ya karne ya 14, ile waliyoiandikia washairi na waandishi Dante, Petrarca na Boccaccio. Accademia della Crusca, chama cha wataalamu wa lugha kilichoanzishwa Firenze mwaka 1583, kilichapa kamusi yake mwaka 1612. Lakini hiyo ilikuwa lugha ya maandishi. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba nchi ilipounganishwa ni asilimia 2.5 tu ya watu waliomudu Kiitaliano. Wataalamu wengine wameweka makadirio ya juu zaidi, ila bado ni sehemu ndogo ya watu.

Kilichokieneza ni shule, jeshi, watu kuhamia mijini, kisha televisheni, ambayo RAI, shirika la utangazaji la taifa, iliianza rasmi Januari 1954. Kati ya mwaka 1960 na 1968 mwalimu Alberto Manzi alifundisha watu wazima kusoma na kuandika kupitia televisheni hiyo, na watu wengi walipata cheti cha msingi kwa njia hiyo. Mtu anayedharau televisheni aikumbuke kazi ile.

Lugha za maeneo hazijafa. Kinapoli, Kivenezia na Kisicilia vina sarufi zao, na Mmilano hawezi kufuata mazungumzo ya haraka ya Kinapoli. Sheria namba 482 ya mwaka 1999 inatambua lugha 12 za makundi madogo, zikiwemo Kisardinia, Kifriuli, Kialbania na Kigiriki. Ukifika Bolzano utakuta vibao vya Kijerumani na Kiitaliano, na Valle d'Aosta utakuta Kifaransa.

Nimeanza kujifunza Kiitaliano. Nasoma kila neno kama lilivyoandikwa, lakini wenyeji hawanielewi. Ninakosea wapi?

Mwenye Kiswahili ana mtaji mzuri hapa: maneno mengi ya Kiitaliano huishia kwa irabu, na a, i, u ni zilezile. E na o zina sauti mbili kila moja, wazi na finyu, lakini Waitalia wenyewe hutofautiana kimkoa, kwa hiyo usikoseshwe usingizi. Shida huwa mahali pengine.

Ya kwanza ni herufi c na g. Mbele ya e au i, c husomwa kama ch yetu: *cena* (chakula cha usiku) ni "chena". Ukiona *ch*, hiyo ni k: *chiave* (ufunguo) ni "kiave". Mswahili akiiona ch anaisoma kwa mazoea na papo hapo anapotea. Vivyo hivyo g mbele ya e au i ni j, na *gh* ni g ngumu: *gelato* ni "jelato", *laghi* (maziwa, wingi wa ziwa) ni "lagi". Nayo *sc* mbele ya e au i ni sh, lakini *sch* ni sk. Basi *pesce* ni samaki na *pesche* ni matunda ya pichi. Ukichanganya sauti, utaletewa matunda.

*Gn* ni ny, tunayo tayari: Bologna ni "Bolonya". *Gli* hatuna. Bapa lote la ulimi liguse kaakaa, kisha tamka kama "lyi", usiseme "gili". H haitamkwi kabisa. Z ni "ts" au "dz". Kwa wale ambao l na r huwaponyoka, chukueni mazoezi ya ziada: *mare* ni bahari, *male* ni vibaya.

Ya pili, na ndiyo inayosumbua zaidi, ni konsonanti mbili. *Nono* ni wa tisa, *nonno* ni babu. *Casa* ni nyumba, *cassa* ni mahali pa kulipia. *Capello* ni unywele, *cappello* ni kofia. *Anno* ni mwaka, na ukidondosha n moja unataja sehemu ya mwili isiyotajwa mezani, kwa hiyo unaposema umri wako kuwa makini sana. Namna ya kuzitamka: fupisha irabu iliyotangulia, funga mdomo au ulimi kwenye konsonanti, ishikilie kidogo, ndipo uachie. Wanaokosea huongeza nguvu ya sauti badala ya muda. Nguvu haisaidii, kinachosikika ni urefu.

Ya tatu ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiitaliano pia mara nyingi, mpaka siku kinapokataa. Mkazo wa silabi ya mwisho huandikwa kwa alama (*città*, *perché*), lakini ule wa silabi ya tatu kutoka mwisho hauandikwi, na humo ndimo mtego ulimo. *Tavolo* (meza) mkazo uko kwenye "ta". Napoli ni "NApoli", Genova ni "JEnova", vilevile Modena, Bergamo, Padova, Rimini na Brindisi. Katika vitenzi, "wanaongea" ni *PARlano*. Na *ancora* yenye mkazo mwanzoni ni nanga, yenye mkazo katikati ni "bado". Hakuna kanuni ya kuyakamata yote. Kila ukiandika neno jipya daftarini, pigia mstari silabi yenye mkazo.

Kwa nini nomino zina jinsia, na nizikumbuke vipi?

Aliyekulia katika ngeli asiogope jinsia mbili. Wazo ni lilelile: nomino inaamuru maneno yanayoiandama. *Il libro rosso*, kitabu chekundu. *I libri rossi*, vitabu vyekundu. *La casa rossa*, *le case rosse*. Zinazoishia -o kwa kawaida ni za kiume na wingi wake ni -i. Za -a ni za kike na wingi ni -e. Za -e zaweza kuwa upande wowote na wingi ni -i.

Mbele ya z, gn, ps, au s inayofuatwa na konsonanti, neno dogo la mbele la kiume, *il*, huwa *lo*: *lo zaino*, *lo studente*. Wakaidi wa kukariri mapema ni *la mano* (mkono), *la foto*, *il problema*, *il cinema*. Yapo pia yanayobadili jinsia katika wingi: *l'uovo* (yai) huwa *le uova*, *il dito* (kidole) huwa *le dita*. Usijifunze nomino uchi. Ikariri pamoja na neno lake dogo la mbele.

Nimwamkie nani kwa "ciao"?

Rafiki, mtoto, mwanafunzi mwenzako. Kwa mzee, daktari, karani au mwenye duka usiyemjua sema *buongiorno*, au *buonasera* kuanzia alasiri. Toscana huanza kusema *buonasera* mapema zaidi. *Buonanotte* ni ya kuagana kwenda kulala tu. Mtu wa heshima huitwa *Lei*, na kitenzi hufuata nafsi ya tatu umoja: kuomba radhi ni *scusi*, si *scusa*. Subiri mkubwa akukaribishe kutumia *tu* (wewe). Usimtangulie.

Carbonara yangu hugeuka mayai ya kuvuruga. Niongeze krimu?

Krimu haimo katika carbonara ya Roma (pasta ya mayai, jibini na nyama), na haitibu tatizo lako. Tatizo ni moto.

Kwa watu wawili: spageti gramu 200, *guanciale* (nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi) gramu 80 hadi 100, viini vya mayai 2 na yai zima 1, jibini ya *pecorino romano* iliyokunwa laini gramu 50, pilipili manga ya kusaga papo hapo. Kwa kawaida pasta hupikwa kwa lita 1 ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100. Hapa punguza chumvi iwe gramu 7 kwa lita, maana nyama na jibini vina chumvi tayari. Usitie mafuta kwenye maji. Yanaifanya pasta iteleze na mchuzi usishike.

Kaanga nyama peke yake kwa moto mdogo, bila mafuta, mpaka itoe mafuta yake na ikauke pembeni. Zima moto. Piga mayai, jibini na pilipili viwe uji mzito. Toa spageti dakika 1 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, na hifadhi kikombe cha maji yake. Changanya spageti na nyama kwenye kikaango, ongeza vijiko vichache vya maji hayo, acha kikaango kipoe kwa nusu dakika, ndipo umimine mayai huku ukigeuza bila kusimama. Yai huanza kushikana kwenye nyuzi 65 hivi za Selsiasi. Kikaango kilicho juu ya moto kiko mbali zaidi ya hapo. Wanga uliomo katika maji ya pasta ndio unaoleta ule ulaini ambao watu huutafuta kwenye krimu. Ikiwa nzito, ongeza maji. Ikiwa nyepesi, endelea kugeuza.

Asiyekula nguruwe asitafute mbadala wa guanciale. Apike *cacio e pepe*, pasta nyingine ya Roma yenye pecorino na pilipili manga tu.

Naambiwa bila "codice fiscale" huwezi kufanya lolote Italia. Ni kitu gani?

Ni namba ya kodi ya mtu binafsi, na kweli huulizwa karibu kila mahali: mkataba wa nyumba, benki, laini ya simu, chuo, kazi. Hutolewa bure na mamlaka ya kodi, Agenzia delle Entrate, na ubalozi wa Italia au konseli nao huweza kukuombea kabla hujasafiri.

Ina herufi na tarakimu 16. Chukua Mario Rossi wa mfano, aliyezaliwa Roma tarehe 1 Januari 1980: RSSMRA80A01H501U. RSS ni konsonanti tatu za jina la ukoo. MRA ni jina la kwanza; konsonanti zisipotosha, irabu huongezwa. 80 ni mwaka. A ni Januari. Miezi hufuata herufi A, B, C, D, E, H, L, M, P, R, S, T. 01 ni siku, na kwa mwanamke huongezwa 40, hivyo ingekuwa 41. H501 ni Roma. Aliyezaliwa nje ya Italia hupewa msimbo wa nchi unaoanza na Z. Herufi ya mwisho ni ya uhakiki.

Makosa huanzia kwenye pasipoti. Jina la ukoo na jina la kwanza vikibadilishana nafasi, namba nzima hubadilika, na baadaye benki au chuo hukuta majina hayalingani. Ukipewa karatasi yake, ikague herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani. Wala usiitengeneze mwenyewe kwa programu za mtandaoni: watu wawili wanaweza kuangukia namba moja, na ni mamlaka pekee inayoweza kubadilisha tarakimu ili kuwatenganisha.

Nilisikia mtu anaweza kupigwa faini kwenye treni hata akiwa na tiketi. Kweli?

Kweli, kwenye treni za mikoa. Tiketi ya karatasi ya *regionale* lazima igongwe kwenye mashine iliyopo kituoni kabla ya kupanda, maana bila muhuri inaweza kutumika tena. Mashine ikiwa mbovu, andika kwa kalamu tarehe, saa na kituo juu ya tiketi, kisha umtafute mkaguzi wewe, usingoje akukute. Treni za kasi kama Frecciarossa na Italo tiketi yake ina namba ya treni na kiti, haigongwi.

Angalia pia neno *sciopero*, yaani mgomo. Hutangazwa mapema, na siku za kazi kuna treni za mikoa zinazohakikishwa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Panga safari yako humo.