Mwizi kuachiwa baada ya siku mbili

Ndugu yangu, unasema mwizi akikamatwa Jumatatu, Jumatano yuko mtaani, kwa hiyo tumalizane naye wenyewe. Uchungu wako naujua, hapa Kampala nami nafunga mlango kabla ya magharibi. Lakini Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 23, inawapa polisi saa 48 kumfikisha mahakamani. Wakikosa ushahidi humwachia kwa dhamana. Na mashahidi ni sisi! Usiku tunapiga yowe, asubuhi hakuna anayekwenda kuandika maelezo. Tunaogopa kisasi, tunaogopa kuombwa "kitu kidogo". Dhamana ya polisi ni bure kisheria, ila waulize waliotozwa. Mtaani kwetu kijana alidaiwa kuiba simu, akapigwa mpaka akafa. Simu ilikutwa kesho yake, chini ya godoro la mwenye simu.