Jibu kwa anayetaka kuficha Sabato mpaka probesheni iishe: USISAINI KWANZA

Dada weka kalamu chini. Na nyie mnaompongeza hapo juu "busara kama nyoka hiyo", sijui mnafanya kazi wapi.

Kwa waliochelewa: mleta uzi kabatizwa kwenye makambi (mikutano ya kila mwaka ya Wasabato) mwaka huu, kapata kazi ya stoo, ofa inasema Jumatatu mpaka Ijumaa na Jumamosi nusu siku. Anataka asaini, akae kimya miezi sita ya probesheni (muda wa majaribio kazini) ipite, ndo apeleke barua ya mchungaji kwamba yeye ni Msabato, Jumamosi hafanyi kazi. Kauliza pia kuhusu dada wa kazi asiye Msabato kupika siku ya Sabato, na vikao vya ukweni vinavyowekwa Jumamosi. Hayo mawili leo siyagusi, tumalize la kazi kwanza. Na wale wa Wakolosai 2:16 ("mtu asiwahukumu kwa sabato") nawaona mnajikusanya, fungueni uzi wenu, huyu hajauliza kama siku ni sahihi, ameshaamua.

Mi nilifanya hichohicho unachotaka kufanya, na mpaka sentensi zako zinafanana na zangu. Godauni la vifaa vya umeme Barabara ya Nyerere hapa Dar, nashika stoo na funguo, Jumamosi mpaka saa saba mchana. Nikamfuata mzee mmoja wa kanisa ninayemheshimu nikamuuliza nifanyeje. Akanifungulia Esta 2:10, kwamba Esta aliingia kwa mfalme bila kusema kabila lake kwa sababu Mordekai alimwagiza anyamaze, muda ulipofika akasema na taifa zima likapona. "Ingia kwanza kijana, ukishakuwa ndani Mungu atafungua njia." Halafu akaongeza na sheria, maana ana jibu la kila kitu, eti chini ya miezi sita hulindwi, ukivuka hapo hawakugusi.

Na ubaya hilo la miezi sita si uongo! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kweli inasema ile sehemu ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Ila sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi wa dini kazini, na katazo hilo linamlinda hata anayeomba kazi tu, hajaajiriwa bado. Huko mzee hakufika.

Unajua mzee mwenyewe alikuwa ameajiriwa wapi? Serikalini. Jumatatu mpaka Ijumaa. Tangu aajiriwe hajawahi kuambiwa njoo Jumamosi, Sabato yake inalindwa na ratiba ya ofisi, halafu anakaa pale na tai yake anamfundisha mtu wa godauni ujasiri wa Esta. Simtukani, Mungu ananiona, ila nikimuona anapanda mimbarani natoka nje kupokea simu ambayo haijaita.

Sasa hiyo miezi sita, Jumamosi zake utakuwa wapi? Hapo umeruka kwenye uzi wako na mi niliruka vilevile. Ukinyamaza, ama unaenda kazini Jumamosi zote hizo, sasa unashika Sabato gani, ama unadanganya. Mi nikadanganya. Nikaumwa malaria, nikaumwa tumbo, bibi yangu mzaa mama aliyefariki nikiwa shule ya msingi nikamzika upya na ofisi ikachanga rambirambi na nikaipokea kwa mikono miwili. Nikapata na jamaa wa zahanati ananipa ED (cheti cha kupumzika kwa ugonjwa), nikawa naipeleka Jumatatu nikiwa nimekunja uso kidogo ili ugonjwa uonekane. Na moyoni nina amani kabisa, najiona shujaa wa imani, amri ya nne naishika barabara, ya tisa nimeiacha getini kwa mlinzi.

Ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ya kuhesabu stoku. Nimeshavuka miezi sita, nimethibitishwa, barua ya mchungaji iko kwenye begi wiki kadhaa nasubiri "muda muafaka", maana ukishazoea kudanganya kusema ukweli kunakuwa kama kuruka toka kwenye daladala linalotembea, kila kituo unasema kinachofuata. Ijumaa jioni nikatuma meseji naumwa taifodi, nikazima simu, funguo za stoo za ndani zikabaki kwenye suruali yangu nyumbani. Asubuhi mimi nipo kanisani nachangia lesoni (somo la Biblia la Sabato), huko godauni watu wamekuja kuhesabu, mlango umefungwa, na kuna Fuso la mteja wa mkoani limelala pale getini tangu usiku linasubiri kupakia. Wakakata kufuli kwa grainda.

Jumatatu HR kaweka vitu viwili mezani. Cha kwanza ED yangu, taifodi, apumzike. Cha pili skrinshoti ya stetasi ya WhatsApp ya mwanakwaya mwenzetu ambaye kumbe ni jirani yake na muhasibu wetu, mimi mstari wa nyuma, shati jeupe, tai ya kijani, macho nimefumba, mdomo wazi, nashusha besi, na juu imeandikwa "Sabato njema wapendwa". HR akaziangalia zote mbili akaniuliza, "Hapa unaumwa wapi?"

Nikatoa barua ya mchungaji. Akaisoma mpaka mwisho, akaniambia kitu kinachoniuma kuliko kufukuzwa: madereva wao wanaotoka Ijumaa kwenda kuswali walilisema siku ya kwanza, wakapangiwa, wanafidia muda jioni. "Ungesema, kuhesabu stoku tungehamishia Jumapili." Labda alikuwa anasema tu, sitajua maisha yangu yote.

Wakanipa mawili, kikao cha nidhamu kwa udanganyifu au niandike barua ya kuacha kazi. Nikampigia nani? Mzee! Akasema ondoka kwa amani, usishindane na watu wa dunia. Nikaandika, nikasaini, na tarehe nikaweka.

Baadaye nikapata akili nikaenda kwa watu wa msaada wa kisheria, nikiwa bado ndani ya zile siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), nikaenda kifua mbele kwamba nimebaguliwa kwa ajili ya imani yangu. Yule mwanasheria, binti mdogo tu, akaniuliza, mwajiri alikuwa anajua wewe ni Msabato? Nikasema hapana nilimficha. Akauliza, hii barua ya kuacha kazi mwandiko wa nani? Akanirudishia makaratasi yangu taratibu. Yaani dada, huwezi kubaguliwa kwa dini ambayo bosi hajui unayo! Kwenye makaratasi yao mi sikuondoka kama Msabato, niliondoka kama muongo aliyekuwa na funguo. Hilo ndo litakukuta na wewe, miezi sita unayoisubiri ikulinde ndo miezi unayowaandalia ushahidi.

Na aibu ya mwisho hii sijawahi kuisema popote. Kanisani ikavuma "ndugu yetu amefukuzwa kwa ajili ya Sabato", nikaitwa mbele nitoe ushuhuda, NIKATOA. Watu amina, mama mmoja analia. Nilivyorudi kukaa, yule mwanakwaya wa stetasi ananipa mkono.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia hiyohiyo: unasema KABLA ya kusaini na unasema KWA MAANDISHI. Wakikutajia Esta wewe wafungulie Danieli 1. Danieli hakujifanya tumbo linamuuma asile chakula cha mfalme, alimwendea msimamizi, akaomba, akapendekeza na namna ya kujaribu, siku kumi, uangalie mwenyewe. Hiyo ni barua kwa HR kabisa, ina ombi, ina pendekezo, ina muda wa majaribio.

Na usiandike mahubiri. HR hahitaji Kutoka 20 wala historia ya Konstantino. Kanisa lipo nchi hii tangu 1903 kule Mamba Giti Upareni, sehemu kibao wameshafanya kazi na Wasabato, we si kiumbe kipya. Anachotaka kujua ni nani atafanya kazi yako Jumamosi. Mpe hesabu. Sheria inaweka ukomo wa masaa ya kawaida 45 kwa wiki na 9 kwa siku, sasa siku tano mara tisa ni ngapi? Arobaini na tano, imejaa, Jumamosi hata haijaguswa. Unaandika hivi: "Nashukuru kwa ofa. Mimi ni Mwadventista Msabato, sifanyi kazi kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi jua linapozama. Naomba masaa ya Jumamosi niyafidie Jumatatu mpaka Alhamisi au Jumapili, na niko tayari kuja Jumapili kuhesabu stoku. Naomba hili liingie kwenye mkataba." Basi. Unaambatanisha barua ya mchungaji, inasaidia, ila ya kwako ndo itangulie. Na ijibiwe kwa maandishi, mambo ya "aah hilo tutaelewana" ya kwenye simu uyakatae, huyo meneja anayesema tutaelewana akihama utaelewana na nani.

Umeona nimeandika Ijumaa? Kwenye uzi wako umetaja Jumamosi tu, wote tunasahau. Hapa Dar mwezi wa sita jua linazama kama saa kumi na mbili na robo, mwezi wa kwanza linaenda mpaka karibu saa moja kasoro dakika kumi, na huko Mwanza linachelewa zaidi. Stoo inafungwa saa ngapi? Gari la mzigo likiingia saa kumi na moja na nusu Ijumaa ya mwezi wa sita unalipokea wewe au nani? Na usisahau foleni. Andika "kuzama kwa jua" na uweke na saa utakayotoka, mi kazini kwa sasa imeandikwa saa kumi kamili Ijumaa na nafidia asubuhi.

Watakukataa? Inawezekana. Mi baada ya pale kuna kampuni nilisema kwenye usaili, simu haikupigwa tena. Iliniuma wiki moja tu, sikuzika bibi yeyote. Hii niliyopo walisoma wakauliza maswali mawili matatu, wakasema sawa, ila mshahara ni mdogo kuliko godauni sitakuficha.

Na mdau uliyeweka ile hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Kenya ya 2017, kwamba wanafunzi Wasabato wasilazimishwe masomo ya Jumamosi, umeiweka ukidhani inamuunga mkono anyamaze. Hebu isome tena. Kanisa ndo lilikwenda kudai hadharani, na wizara ilijua wanataka nini. Hakuna mtoto aliyeshinda kesi kwa kujificha chooni na ED.

Dada ofa umesema inaisha lini? Kama ni wiki hii tuma hiyo barua pepe leo, saa za ofisi. Na kile kipengele cha masaa ya kazi kimeandikwa "atafanya kazi Jumamosi" au "anaweza kuhitajika Jumamosi"? Vina tofauti kubwa sana hivyo. Kipige picha, futa jina la kampuni, kiweke hapa tukione.