Kupasha moto siyo dawa ya kila kitu

Mkuu, umeuliza kwa nini wali uliolala mezani, mkaupasha mpaka ukatoa mvuke, umewatapisha nyote kabla hata ya saa tatu kupita tangu mle. Wachangiaji wengi wamekuambia hamkuupasha vizuri. Mimi nimekula chumvi nyingi kwenye jiko la kulisha mamia ya watu, na jibu hilo silikubali.

Moto unaua bakteria, hapo hatubishani. Tatizo ni wale wanaoacha sumu ndani ya chakula kabla hujakila. Kwenye wali mshukiwa wa kwanza ni Bacillus cereus. Spora zake, yaani bakteria waliojifungia usingizini ndani ya ganda gumu, hazifi kwa kuchemshwa, kwa hiyo wali ukiiva wengine wamekwisha, yeye kabaki bila mpinzani. Wali ukikaa vuguvugu spora zinaamka, bakteria wanazaliana na kumwaga sumu inayostahimili hata nyuzi 121, wakati maji ya sufuria yako yanaishia 100. Mkipasha mnaua bakteria, sumu mnaila. Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye vidonda vya mikono ya mpishi, naye ana tabia hiyohiyo ya kuacha sumu isiyoharibiwa na kupasha. Kutapika ghafla ndani ya saa 1 hadi 6 ndiyo alama yao.

Kilichonifumbua macho zaidi ni kipimajoto cha kuchoma. Sufuria kubwa ya nyama imeipuliwa mchana; jioni unaigusa pembeni, unasema hii imepoa, weka stoo. Choma katikati: bado nyuzi arobaini na kitu! Clostridium perfringens hapo ndipo anaposherehekea, maana hapendi hewa na kwenye joto hilo anaweza kuongezeka mara mbili kwa takriban dakika 10. Huyu haleti kutapika sana, anakuja na kuhara na msokoto wa tumbo baadaye, saa 6 hadi 24. Jikoni kwetu hakuna sufuria nzima iliyoruhusiwa kulala. Chakula kiligawanywa kwenye trei za kina kifupi na kuingia kwenye friji ndani ya saa 2. Chini ya nyuzi 5 au juu ya 60, katikati ya hapo ni uwanja wao. (Na kunusa hakusaidii, mkuu. Wengi wa hawa hawabadilishi harufu wala ladha.)

Halafu kuna hii ya kulaumu mlo wa mwisho. Kwa wali wenu inawezekana, maana muda unalingana, lakini bakteria kama Campylobacter huchukua siku 2 hadi 5 kujitokeza, na Listeria inaweza kukaa hata wiki kadhaa. Hata serikali huteleza: mwaka 2011 Ujerumani ilipopata mlipuko wa bakteria E. coli, matango ya Hispania ndiyo yaliyotupiwa lawama, wakulima wakapata hasara kubwa, kumbe chanzo kilikuwa mbegu za uwatu zilizooteshwa. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Kwa sasa kunyweni maji ya ORS (ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini) kidogokidogo. Akitokea mtu anaharisha damu, ana homa kali, hapati mkojo au ni mtoto mdogo aliyelegea, nendeni hospitali leo, na msimpe antibayotiki za kubahatisha. Kwa baadhi ya E. coli dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya figo kufeli.