Barua kwa mwanangu anayeogopa kuchelewa

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza, “Mama, nina miaka 41, nafundisha, nina watoto. Nikishika brashi leo si watanicheka?” Ngoja nikupe habari za mwalimu mwenzako aliyekuwa pia mchoraji, Alma Thomas.

Alizaliwa mwaka 1891 huko Columbus, Georgia, Marekani, enzi ambazo mtoto mweusi hakuruhusiwa kukanyaga makumbusho ya sanaa. Mwaka 1907 wazazi wakahamia Washington. Mwaka 1924 akawa wa kwanza kuhitimu sanaa Chuo Kikuu cha Howard, kisha akaingia darasani shule ya Shaw, akafundisha miaka 35. Shule hiyo hiyo moja! Alichora kila alipopata nafasi, lakini kilichomlisha ni chaki. Alistaafu mwaka 1960, ana miaka 68.

Watu husema alianza uzeeni. Mimi sikubali, rangi alikuwa nazo miaka yote, alichokosa ni muda.

Halafu baridi yabisi ikamkaba, nusura aache kabisa. Howard wakamwandalia maonyesho ya mwaka 1966, naye akataka kuwaonyesha kitu kipya. Akaketi nyumbani, macho kwenye mti ulio nje ya dirisha, jinsi mwanga unavyocheza majanini. Hapo akaipata njia yake: vipande vifupi vya rangi kali, vimepangwa safu kwa safu au vikizunguka duara, na weupe ukichungulia katikati. Ukizisogelea picha hizo utaona mistari ya penseli bado ipo. Hakujisumbua kuifuta. Nakutajia hili makusudi, maana wewe ulikuwa unachana karatasi nzima kwa kosa la mstari mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nafagia.

Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney, New York, likaonyesha kazi zake peke yake. Hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kupewa hilo pale kabla yake. Picha yake moja, “Resurrection”, imenunuliwa kwa ajili ya Ikulu ya Marekani.

Sikuahidi Ikulu, mama. Ila yeye alichorea jikoni kwake, na jiko unalo. Ile meza yako inayumba, kunja kadibodi uweke chini ya mguu wa kushoto. Rangi za maji nitampa mdogo wako akija Jumamosi.

Mama yako